Bega la Mbebaji

Panga lilipita karibu na sikio la Tae-gyu, likakata kikonyo, na kilo sitini za ndizi mbichi zikamkalia begani.

"Huo wa kwanza," Fintan alisema nyuma yake. "Bado safu nzima, mpenzi."

Tae-gyu aliubeba mkungu kwenye matope hadi kwenye trela, akaulaza, akarudi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka likafumba. Fintan naye mdomo ulikuwa umepasuka, na jino moja la mbele halikuwepo. Lilibaki jana kwenye sakafu ya jikoni, kule hosteli.

Kazi ile waliifanya wawili wawili. Mkataji aliuchanja mgomba, ukainama taratibu. Mbebaji alisimama chini yake, akainamisha kichwa na kuupokea mkungu begani. Ndipo mkataji alipokata kikonyo, upana wa kiganja tu kutoka kwenye shingo ya mwenzake. Mbebaji hakutakiwa kutikisika. Hata nzi amwingie puani, alisubiri.

Jana vijana wote kumi na wanane wa hosteli walimsikia Fintan akifoka huku damu ikimchuruzika kidevuni. "Nitakukata shingo, Mkorea wewe! Naapa nitakuua!"

Asubuhi Merv, msimamizi, alisoma orodha ya kazi. Fintan akate, Tae-gyu abebe.

Aurélie, msichana wa Kifaransa, alimshika Tae-gyu mkono. "Kataa. Mwambie unaumwa."

"Nimebakiza siku moja."

Aurélie akamwachia. Nani asingeelewa? Kila mmoja wao alikuwa akihesabu. Siku themanini na nane za shamba, ndipo Australia inakupa viza ya mwaka wa pili, na mwenye kutia sahihi fomu ni Merv. Aliyekataa kazi alipanda basi la jioni na mabegi yake.

Mkungu wa sita. Panga lilichukua ukingo wa kofia ya Tae-gyu.

"Aa, samahani kaka. Jasho machoni." Fintan alicheka. "Hebu nikumbushe, jana ulianza na sufuria au ngumi?"

"Sufuria."

"Basi inama vizuri, nipime."

Jana ugomvi ulianza kwa sababu ya Nozomi. Alikuwa msichana wa Kijapani, mpole, akipanga ndizi kwenye maboksi bandani. Wiki iliyopita aliondoka na mkono kwenye plasta na taya limefungwa. Fintan alisema aliteleza kwenye ngazi. Polisi alikuja, akawauliza mmoja mmoja. Wote walikuwa wamesikia kilio chake kupitia ukuta wa mbao wa chumba cha Fintan, na wote walikuwa na siku zao za kuhesabu. Wakasema hawajui. Tae-gyu naye alisema hajui. Polisi akafunga daftari lake.

Jana mchana, watu wakila, Fintan aliigiza kile kilio. Wawili watatu wakacheka. Tae-gyu akanyanyua sufuria ya wali.

Mkungu wa kumi na moja. Safari hii panga lilimgusa sikio. Damu ikateremka hadi kwenye kola, ya moto, na nzi wakaifuata. Tae-gyu aliuma meno, akabeba, akarudi, akainama tena palepale.

"Mbona unatazama barabarani?" Fintan aliuliza. "Unamsubiri mama yako?"

"Kata."

"Tulia bwana, nacheza tu. Unadhani nitakubali kufungwa miaka ishirini kwa ajili yako? Huna bei hiyo."

"Kata basi."

Kufikia saa nane mchana shati la Tae-gyu lilikuwa jekundu upande mmoja. Ndipo trekta liliposikika. Safu nyingine zilikuwa zimekwisha, hivyo Merv alikuwa amewaleta vijana wote waje kusaidia kupakia. Waliruka kutoka kwenye trela wakitaniana.

"Mungu wangu, sikio lake!" Aurélie alisema.

"Mkwaruzo tu," Fintan alijibu. "Muulizeni mwenyewe."

"Mkwaruzo," Tae-gyu alisema.

Merv alitazama jua, akatazama mgomba uliobaki. Alichomoa fomu kwenye mfuko wa shati, akaitandika juu ya boneti ya trekta na kuikandamiza kwa kiganja isipeperuke. "Mkungu mmoja, kijana. Ulete hapa, nikutilie sahihi, ukaoge. Sitaki kusikia habari zenu tena."

Tae-gyu alivua kofia, akaitupa pembeni. Akasimama chini ya mgomba.

Fintan aliuchanja. Mgomba ukainama ukilia, na mkungu ukamshukia Tae-gyu begani, mzito kuliko yote ya siku ile. Fintan akasogea karibu, akainua panga. Sauti yake sasa haikuwa na kicheko, na aliishusha wengine wasisikie.

"Hivi unajua asubuhi nilimsihi Merv anipe mbebaji mwingine? Akakataa. Ati kuna mtu alimwomba tupangwe pamoja. Nani huyo mpumbavu?"

Tae-gyu alizungusha jicho lake moja, polepole, kutoka uso hadi uso. Aurélie alikuwa anatazama. Merv alikuwa anatazama. Wote walikuwa wanatazama; safari hii hakuna ambaye angesema hajui.

"Mimi," alisema.

Panga lilipoanza kushuka, alijiinua kulilaki.