Ukurasa wa Likizo

Mjukuu wetu wa kike alitaka kujua babu yake alivyolinda pwani ya ng'ambo wakati wa vita, basi mzee akawa anajigamba sebuleni kwetu, hapa mtaani Al Mansoura.

Mimi nilikuwa napangusa kitabu cha kazi cha mzee, cha enzi hizo za ulinzi. Kikafunguka penye ukurasa wa likizo ya mwezi tuliomzika Nyanchama, kifungua mimba wetu.

Wakati ule mzee aliniandikia kwamba bosi amemnyima ruhusa ya kuja mazikoni. Nikamlaani bosi yule miaka thelathini na minne.

Kumbe alipewa siku kumi na nne. Chini, kwa wino wa buluu uliofifia: "Nimeikataa mwenyewe." Na sahihi yake, ile yenye mkia mrefu.

"Mama Nyanchama, unasoma nini? Leta chai!" mzee akaniita.

Nikampa mjukuu kitabu. "Soma, mama. Kwa sauti, babu yako asikie."