Waliopita Langoni

"Walio hai, rudini!" Koplo alifoka huku ameibana pua kwa vidole viwili. "Hapa wanapita maiti tu. Nyie wengine ozeni huko huko!"

Kwa tabia hiyo, watu wa mtaa wa bandarini walimbandika jina: Koplo Pua. Kipindupindu kilikuwa kimeshuka na mabaharia, kikakuta vyumba ambamo watu hulala wamebanana kama njiti za kiberiti. Wakubwa wa serikali ya kikoloni, waliokaa kilimani, wakauzungushia mtaa seng'enge, wakaacha lango moja. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya pili ya mji, kwa hiyo wafu waliruhusiwa kutoka.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti. "Afande, mwanangu mzima huyu. Dada yangu yuko hapo juu, atampokea."

"Mzima wa wapi? Nyie mnazaliwa wagonjwa." Akamsukuma kwa kitako cha bunduki.

Mkokoteni wa maiti ukafika, punda akihema. Mwenye mkokoteni, mtu mwembamba aliyeitwa Kijiti, akavua kofia. Nyuma yake miili ilikuwa imeviringishwa mikeka, imepangwa kama magogo.

"Shikamoo, afande. Nifunue ukague?"

"Kamfunulie mamako! Wamwagieni chokaa, wapotelee mbali."

Askari wakamwaga chokaa. Ikasikika chafya. Papo hapo Kijiti akapiga mbili za kwake, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Chokaa yenu hii, afande, itaniua."

Koplo alikwishageuka. Watu wale hakuwatazama walipokuwa hai. Awatazame sasa ili iweje?

Nyumbani kwake, mtaa wa juu, mkewe alikuwa amepata msichana wa kazi. Mchapakazi kwelikweli: anateka maji, anapika, anaosha vyombo. Ila nywele zake zilikuwa na vumbi jeupe.

"Alikuwa akipaka nyumba ya shangazi yake," mkewe alieleza.

"Afadhali," alisema Koplo huku akitafuna. "Angalau umepata mtu msafi, si ile takataka ya kule chini."

Hazikupita siku nyingi msichana akashikwa na tumbo la kuendesha, akalala, akainuka. Mke naye akashikwa. Kufikia hapo ugonjwa ulikwishafika sokoni, kambini, hata jikoni kwa wakubwa. Wakubwa wakasema ni upepo wa bahari. Koplo akaamini, maana mkubwa akisema maji yanapanda mlima, yeye hukunja suruali.

Mkewe hakuinuka. Macho yalimdidimia, sauti ikamkauka, akafa alfajiri, kiganja chake baridi kimo mkononi mwa mumewe. Koplo Pua, aliyewafukuza wajane langoni bila kupepesa jicho, alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kisha akavaa sare, akatangulia makaburini.

"Mke wangu alikuwa mtu wa heshima," alimwambia mchimba kaburi. "Usije ukamlaza karibu na wale wa bandarini. Hata udongo wao sitaki umguse."

Mchimba kaburi akaegemea jembe, akamtazama kama mtu anavyomtazama mlevi.

"Wa bandarini wepi, afande? Tangu mlipofunga lango lile, kutoka kule sijaletewa maiti hata mmoja."