Aina Iliyozaa Mara Mbili

"Sentimita kumi na nane," alisema Bertilla, akiwa amepiga magoti na rula mkononi.

"Jana?"

"Kumi na nane."

Eustaki akaandika. Mmea uliokauka haurefuki, lakini fomu ya kampuni haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

Shamba la majaribio lilikuwa karibu na Mpui. Ulikuwa mwaka 1997, soko limeachiwa huru, na kila kampuni ilijua kitakachowatajirisha Wafipa. Hii ilijua bluberi, tunda dogo la buluu linalopendwa Ulaya. Kwa miaka sita ilikuwa ikileta miche ya kila aina ili ione ipi itaikubali Ufipa. Miche ilijibu kwa kufa, mstari baada ya mstari, kwa utaratibu mzuri kabisa.

Eustaki, mtaalamu aliyeletwa mwezi uliopita kutoka Dar es Salaam, alibakiwa na siku moja. Kesho saa nne mkurugenzi angefika. Isipopatikana hata aina moja inayofaa, mradi ungefungwa, na kazi yake ingeisha.

"Mama, miaka yote hii hakuna hata moja iliyopapenda hapa?"

Bertilla alifikiri. Hakuwa mtu wa kuharakisha jibu.

"Mtaalamu wa kwanza aliniambia, kila kinachoshushwa na gari la kampuni nikiandike. Kimetoka wapi, kimestahimili vipi, kimeishia wapi. Nimeandika."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, bwana shamba. Ulikuja na fomu."

Akatoa daftari kwenye kikapu. Eustaki akasoma kwa sauti.

"Ya kwanza. Kutoka Morogoro. Ilifika imenyauka kwa safari. Baridi ya Juni iliimaliza."

Akafunua.

"Ya pili. Kutoka Uholanzi. Haitaki maji ya kisima. Jua la Septemba liliibabua." Akainua macho. "Kisima kina chokaa. Umeona vizuri sana, mama."

"Asante."

"Ya tatu. Kutoka Arusha. Ilianza kwa kasi, kisha ikaelemea upande wa Sumbawanga mjini." Akatafakari. "Ilifuata mwanga."

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Ya nne. Kutoka Tukuyu. Imeota mizizi. Imezaa mara mbili."

Eustaki akasimama. "Imezaa?"

"Mara mbili. Ya pili ilikuwa mwaka jana, tukivuna ulezi."

"Na afya?"

"Afya tele. Ukiona utapenda."

"Iko wapi sasa?"

"Kaengesa, kwa mpwa wangu Bertha. Aliichukua ikiwa dhaifu, akaitunza."

"Kwa mbolea gani?"

"Mbolea ya wapi, bwana shamba? Vitu vya kawaida vya nyumbani."

Eustaki akaandika: mboji. Kisha akaandika taarifa nzima, ukurasa mmoja na nusu, bila kufuta hata neno. Aina ya nne, asili ya Tukuyu, inafaa kabisa kwa hali ya hewa ya Ufipa. Kuzaa: kumethibitishwa. Akaigonga muhuri. Akaenda kwenye gari, akaisoma kwa redio ya upepo, na huko Dar es Salaam mkurugenzi akasema safi sana, mara mbili. Kesho wangepitia Kaengesa kwanza, akaione mwenyewe na kuipiga picha.

Alirudi roho imetulia. Bertilla alikuwa ameshahamia mstari mwingine, anapima kilichokauka huko. Eustaki akafunua ukurasa wa mwisho wa daftari, aone kama kuna nyingine.

"Hiyo sijaimaliza," alisema Bertilla bila kugeuka.

Wino ulikuwa bado mbichi.

"Ya tano. Kutoka Dar es Salaam. Imeshushwa mwezi uliopita, imevaa viatu vyeupe. Haivuki mtaro bila kushikwa mkono. Kuhusu kuzaa ni mapema mno kusema; nitaitazama tena kesho."