Atuganile Akataa Kufungua

Tangu sheria ilipopiga marufuku kufuli kwenye tovuti, yaani ulinzi unaoficha anachosoma mtu, kila ukurasa uliofunguliwa ulionekana kwenye ubao wa mtaa, pamoja na jina la msomaji. Atuganile, fundi cherehani wa Mbeya, alisoma mara moja tu kuhusu uvimbe kwenye titi. Kabla ya saa sita mchana wifi yake alishafika akilia, na mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake, ati asije akakosa nguo ya harusi.

Wiki hiyohiyo Atuganile alijifunza kwa siri kufunga mawasiliano ya simu yake ili ubao usionyeshe anachosoma.

Jumamosi mjumbe wa mtaa alipiga hodi.

"Mama Lusako, jana ulikuwa mtandaoni saa nzima, lakini ubao hauonyeshi kitu. Ulisoma nini?"

"Mambo yangu."

"Sheria inataka uyafungue."

"Naijua, mzee. Sifungui."

"Basi nitaandika kwamba umekataa. Wakubwa watakuja wenyewe."

"Andika. Na jina uliandike lote, Atuganile Mwakyusa, wasije wakamsumbua mwingine."

Mjumbe aliandika, akaondoka bila kuaga.

Mumewe, Ambakisye, alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Umefanya vizuri, mke wangu. Ila mimi niambie. Ulikuwa unasoma nini?"

"Nikiwa tayari nitakuambia," alisema Atuganile, akarudi kwenye cherehani. Simu aliiacha mezani, mbele ya macho ya mumewe, ikiwa imefungwa.