Tumbo Lililopigwa Pasi

"Usicheke," Sista alimkemea, huku akimpaka mafuta tumboni. "Mtu aliyepasuliwa juzi hacheki hivyo."

"Mikono yako ya baridi, Sista! Halafu mshono wa kukatika uko wapi?"

Sista akageuza uso, mabega yakimtikisika. Dobi wa hospitali alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu nyuma ya pazia la ukumbi, shati limekunjwa hadi kifuani, tumbo linang'aa kama sufuria mpya. Miaka kumi na minne alikuwa amefua na kupiga pasi mashuka ya wodi zote, na hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza amelalaje. Leo tangu asubuhi walikuwa wanamwita "mgonjwa wetu mpendwa".

"Tuanze tena. Walipitia wapi?"

"Mdomoni. Mrija mwembamba wenye kamera mbele. Ukashuka, ukatoboa kwa ndani, ukakata mfuko wa nyongo, ukarudi nao kulekule ulikopita."

"Maumivu?"

"Koo tu. Kama nimekwamwa na mwiba wa samaki."

"Na leo umekula nini?"

"Mkate mzima na mayai matatu."

Sista akafumba macho. "Wakikuuliza, sema uji."

Dobi akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Wakubwa hakuwa na haja nao, wala waandishi wa habari. Alimtafuta mke wake. Akamwona safu ya pili, amejikunja upande wa kulia, kiganja chini ya mbavu, macho yameanza kuingia manjano.

Mwaka mzima mawe ya nyongo yalikuwa yakimgaragaza mama watoto wake sakafuni. Madaktari walishasema mfuko utolewe kabla haujapasuka, wakachoka kusema. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Tumbo langu si gunia, lishonwe kwa kamba." Alikuwa amemwona dada yake, ambaye tangu apasuliwe, akitaka kupiga chafya lazima kwanza atafute mto wa kukumbatia. Dobi alibembeleza, akanuna, hata akalia. Ikawa kazi bure. Ndipo hospitali ikaleta mashine. Leo mke akiamini, atapona. Asipoamini, Dobi hakutaka kufikiria.

Pazia likafunguliwa. Makofi.

Mashine ilisimama katikati ya jukwaa na utepe mwekundu kiunoni, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Isishike vumbi," Mkurugenzi alieleza, kisha akahutubia dakika arobaini: thelathini na nane kumhusu yeye mwenyewe, mbili kuhusu nyongo. Alisema enzi za visu zimekwisha. Alisema wageni watatoka nje ya nchi waje kupasuliwa hapa, wanywe chai, jioni wapande ndege warudi makwao. Nyuma yake Daktari Bingwa, aliyerejea kutoka masomoni wiki iliyopita tu, alikuwa akifungua na kufunga kalamu, jasho likimtiririka shingoni.

Sista akamsukuma Dobi mbele za watu kama toroli la chai.

"Tumbo hili hapa!" Mkurugenzi akanguruma. "Tafuteni kovu! Atakayeliona nitampa kiti changu!"

Watu wakapanda mbiombio, maana kiti chenyewe kilikuwa kizuri. Mwandishi mmoja alivaa miwani miwili. Mzee mmoja akapapasa, akabonyeza, akasonya kwa mshangao.

"Aka! Hili limepigwa pasi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha mke wa Dobi akasimama. Alikuja polepole, akishika kiti hiki na kile, mpaka akafika kitandani.

"Kumbe zile siku mbili hukurudi nyumbani ulikuwa umelazwa, baba watoto?"

"Sikutaka kukushtua, mama. Una yako ya kutosha."

"Nami nikajua umeenda kwa mwanamke. Nilishafunga nguo zako kwenye mfuko."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja chake pale pale, chini ya mbavu za kulia, akabonyeza.

"Inauma?"

"Haiumi," alisema Dobi, na hapo hakuongeza wala hakupunguza.

Mke akamtazama machoni. Halafu akamgeukia Mkurugenzi.

"Leteni hiyo karatasi yenu ya kukubali kupasuliwa. Tangu jana sijatia kitu mdomoni, maumivu hayaniachi. Nipitishieni huo mrija leo hii, kabla sijabadili mawazo."

Hapakuwa na meza karibu, kwa hiyo Mkurugenzi akainama na karatasi ikatiwa sahihi mgongoni mwake, kamera zikimwaga mwanga. Dobi alifuta machozi kwa shati lake mwenyewe. Hata Sista alipiga makofi, ingawa yeye alikuwa akitazama chini.

Mke akalazwa kwenye kitanda kilekile, akasukumwa kwenye korido akipunga mkono kama bibi harusi. Dobi alivaa shati haraka, vifungo vikakosana na matundu, akamkimbilia Daktari Bingwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Daktari, samahani," akanong'ona. "Yule mgonjwa mwenyewe, yule mliyesema anaona haya kusimama mbele za watu, nikasimama mimi badala yake. Naomba aje amshike mke wangu mkono, japo dakika mbili. Amtoe hofu kabla hajaingia."

Daktari Bingwa alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha maelekezo. Hakuinua kichwa.

"Mgonjwa yupi tena?" aliuliza. "Mkeo ndiye wa kwanza."