Rangi ya Kumpokea Lanyero

Marehemu dada yangu Lanyero alisimama mlangoni mwa chumba chake, katika kambi ya polisi Naguru. Alikuwa ametoka hospitali mchana ule, alikolazwa kwa pumu. Ili kumpokea, Mama alikuwa amekipaka chumba rangi ya mafuta na kufunga dirisha, vumbi lisinate ukutani.

"Mama, daktari alisema rangi ya maji, isiyo na harufu kali," nilisema.

"Ya maji haing'ai. Mwanangu apokewe na ukuta uliofifia?"

Macho yaliniwasha. Kifua cha Lanyero kikaanza kulia kama filimbi.

"Dada, lala kwangu leo."

Aliitazama mikono ya Mama, rangi ya samawati imegandia kwenye kucha.

"Kama chumba cha bibi harusi, Mama," alisema, akacheka.

Akavua viatu, akaingia, akaurudisha mlango.