Vita vya Tumbo la Sajini Andati

Sajini mstaafu Andati alibeba mkebe wa sukari hadi chooni, akaimwaga yote shimoni, kisha akapiga saluti.

"Umerukwa na akili?" mkewe, Musimbi, alipaza sauti kutoka jikoni. "Nitakunywa chai na nini?"

"Na majani ya chai. Mama Bravin, mwaka huu nimeazimia kupunguza tumbo. Watu wanavunjanga maazimio kwa sababu hawana mpango. Sisi jeshini hatukwenda vitani bila mpango. Kwanza, mkatie adui chakula."

"Azimio ni lako, mbona njaa iwe yangu?"

"Kambi moja, chungu kimoja."

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza pale Chekalini. Donge la obusuma, ugali wa kwao, likapungua, mboga zikajaa sahani mpaka ukingoni. Kwenye ukuta wa ghala la mahindi, Andati akachora kwa makaa ramani ya njia atakayotembea kila alfajiri: kushuka hadi darajani, kuvuka mto, kupanda mlima. Akaitazama ramani hiyo wiki nzima, mikono nyuma, tumbo mbele.

Jirani yao Gentrix alipomuuliza anakusudia kupunguza kilo ngapi, Andati alimkazia macho kama jasusi.

"Kamanda hatangazi shabaha yake. Hata askari wake hawaambii."

"Basi tembea tukuone," Musimbi akasema.

"Bila upelelezi? Tangulia wewe. Niletee habari za matope, mbwa na mteremko."

Musimbi alienda kwa hasira tu, amwonyeshe mumewe kwamba njia hiyo hata kuku angeipita. Aliporudi akihema, Andati alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda.

"Ulifika darajani kweli?"

"Nilifika."

"Sidhani. Umerudi upesi mno."

Kesho yake Musimbi alivuka daraja, akarudi na udongo mwekundu wa ng'ambo kwenye viatu kama ushahidi. Andati akauchunguza udongo huo kwa makini, akasema sasa kilichobaki ni mlima. Musimbi akaupanda mlima. Mvua za Aprili ziliponyesha, ikabidi njia nzima ipelelezwe upya. Wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi wakazoea kumwita kila apitapo.

"Mpelelezi! Kamanda anaendeleaje?"

"Amekaa," Musimbi alijibu bila kupunguza mwendo. "Na tumbo limemkalia."

Shamba zima likaangua kicheko.

Siku moja Gentrix akamkuta Andati nyuma ya kibanda cha chai sokoni, ana mandazi mikono yote miwili.

"Na haya ni nini, Sajini?"

"Hao ni mateka," Andati akajibu, akammeza mmoja.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. "Huna haya?" Musimbi alimpokea mlangoni. "Mimi nakunywa chai chungu kwa ajili yako, nachubuka visigino kwa ajili yako, na wewe hata kufika langoni kunakushinda! Wanaume wengine wanafanyanga wanachosema."

Andati alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akasema iko njia nyingine, ya kupitia kanisani. Ni ndefu kidogo. Hajui kama mtu anaweza kuimaliza.

Alfajiri, Musimbi alikuwa amekwisha kuimaliza.

Mwezi wa Agosti walienda pamoja kliniki mjini Kakamega. Musimbi alivaa rinda lililokuwa limemkataa kwa miaka. Andati alimfuata nyuma akitweta, kifungo kimoja cha shati kimekatika.

Daktari alisoma kipimo, akakirudia, akavua miwani.

"Mama, Desemba ulikaa hapo hapo ukaapa kwamba hakuna mtu wa kukuachisha chai ya sukari, wala wa kukutembeza barabarani kama ng'ombe. Ukatoka kwa hasira, ukamwacha mzee wako kwenye kiti hicho akijifuta machozi. Leo sukari yako ya damu imeshuka vizuri kabisa. Umefanya nini?"

"Mimi?" Musimbi akacheka. "Sijafanya lolote, daktari. Mwenye azimio ni huyu, na hilo hapo tumbo lake."